Tumefika, Nimefika

4 Agosti, mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Barua hii nampa kondakta wa gari la saa nane, yule mwenye kofia ya sufi hata jua likiwaka. Anasema ataileta mpaka mlangoni kwa heshima ya miaka yako ya dirisha la tiketi. Wewe na simu hamjapatana bado. Ukiniambia "nimesikia" najua hukusikia, kwa hiyo naandika.

Tumefika salama. Tumepata chumba nyuma ya soko, ghorofa ya juu, ngazi ishirini na sita. Tumeoga, tumekula, tumelala kidogo. Tulikaa viti vya mbele kama ulivyosema. Dada Pindo hajambo, ila jino linamsumbua, ndiyo maana yeye haandiki. Kesho tutazunguka mjini, halafu tutaendelea na njia ile ile, kituo kwa kituo, mpaka pale inapoishia.

Bado siamini. Siku kumi na mbili bila sare ya shule hata moja mapajani! Fundi Mkuu alivyotangaza kwamba karakana inafungwa waezeke paa upya, wenzangu wote, hata Pindo, waliguna. Mimi nilikwenda kusimama nyuma ya marobota ya vitambaa nikatabasamu huko huko.

Kifungo asipewe kile kikombe cha bati, ukingo wake unakata. Akiniulizia mwambie mama yuko kazini. La, usimdanganye mtoto. Mwambie mama ametembea, atarudi tarehe kumi na tano.

Tunakusalimu sana.

Binti yako,
Mama Kifungo


5 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Barua imefika na kofia ya sufi yake. Kondakta amekunywa maji glasi tatu, akaniuliza kama bado nakumbuka nauli zote kwa moyo. Nikamtajia. Akaondoka anatikisa kichwa.

Mtoto mzima. Kikombe cha bati nimekificha, amekitafuta, amekipata. Sasa nimekifungia kabatini na amenuna. Tangu asubuhi amekaa kwenye kigoda changu anachana gazeti vipande vipande na kunigawia. "Bibi, tiketi." Nimeshasafiri mara arobaini leo na sijatoka jikoni.

Jibu langu utalikuta dirisha la tiketi la kila kituo utakachofika. Nimewaandikia wakata tiketi wote wa njia hiyo, wengine niliwafundisha kazi mwenyewe.

Mumeo amepiga simu kwa jirani. Greda lake limemaliza kipande kile cha barabara, atakuwa nyumbani tarehe tisa. Ameuliza kama mko salama wote wawili. Unajua mwenyewe alikubali safari hii kwa sababu ya hilo neno, wawili.

Mpe Pindo pole ya jino. Ni la juu au la chini?

Mama


6 Agosti, kituo cha pili

Mama yangu,

Shikamoo. Nimefika dirishani, kabla sijafungua mdomo mkata tiketi akaniuliza, "Wewe ndiye binti wa Mama Tiketi?" Nikasema ndiye mimi. Akanipa barua, na kiti pia nikae niisome.

Tumefika huku jana jioni. Tulishuka na vumbi mpaka kwenye kope. Jino ni la chini, upande wa kushoto, linaelekea kupoa.

Chumba cha huku kina kitanda kimoja kipana, ndoano moja ya nguo, na ufunguo wenye kibao cha namba. Mama, ufunguo ule nimetembea nao mkononi kama mtoto aliyepewa peremende. Nilipofunga mlango hakuna aliyeugonga akiita "mama, mama". Nimelala mshazari! Kichwa pembe hii, miguu pembe ile. Miaka miwili na nusu nalala ukingoni mwa kitanda kama nguo iliyoanikwa, leo nimekitandaza kiwiliwili chote. Asubuhi nikanywa chai ikiwa ya moto mpaka tone la mwisho. Usinicheke. Kule nyumbani chai yangu huwa naikuta imeshavaa utando.

Halafu nikashika njia yoyote. Nikatokea kwenye mtaa ambao wote ni mafundi wa ngazi. Kulia ngazi, kushoto ngazi, fupi za kuchumia matunda na ndefu za kupakia rangi, zote zimeegemea ukuta kama watu wanaosubiri kuitwa. Nikamuuliza fundi mmoja, "Zote hizi zinakwenda wapi?" Akanitazama. "Juu," akasema. Nimecheka, tumecheka sana.

Hakuna anayenijua hapa. Nilidhani hilo litanitisha. Ni kama kuvua kiatu kilichobana, Mama. Unakuta una vidole.

Kesho tutasonga mbele. Mbusu Kifungo kwenye shingo, pale anapocheka.

Mama Kifungo


7 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi umelala vizuri. Swali dogo. Kitanda ni kimoja, na wewe ulikilala mshazari, kichwa pembe hii, miguu pembe ile. Pindo alilala wapi, kwenye ndoano?

Mtoto amejifunza neno jipya, "sogea". Ananiambia mimi, kwenye kitanda changu mwenyewe.

Chai ya moto kunywa. Kunywa na ya pili.

Mama


8 Agosti, kituo cha tatu

Mama yangu,

Shikamoo. Kuhusu Pindo, kulikuwa na kitanda cha pili, nilisahau kukitaja. Kilikuwa nyuma ya mlango. Kidogo.

Lakini nina jambo la kukuambia, nimekaa kwenye ngazi za posta kwa sababu siwezi kusubiri mpaka chumbani. Nilikuwa napita mbele ya shule wakati wa mapumziko. Mji sijawahi kuusikia hata ukitajwa redioni, mtaa siujui, ninatembea kwa sababu njia ilikuwa na kivuli. Msichana mmoja akapita mbele yangu anakimbia, mfuko wa sketi umeshonwa kwa mshono maradufu, na pembeni umekazwa kwa vile vinundu vitatu. Mama, vinundu vitatu ni mimi! Wenzangu wanakaza viwili. Fundi Mkuu hunigombeza kila siku kwamba napoteza uzi.

Nikamwita. Nikamuuliza huo mfuko una muda gani. Akasema, "Ya dada yangu hii, kabla yake ilikuwa ya binamu. Kila kitu kimechanika, mfuko haujachanika." Akaingiza mkono, akanitolea mawe matatu na nusu ya sandwichi ili nione. Kisha akaniuliza mimi ni nani. Nikasema, mimi ni fundi. Sikusema mama wa fulani wala mke wa fulani. Nikasimama pale barabarani nimenyooka kama mwenye mji.

Miaka sita naziona zile sare zinaondoka karakana kwenye magunia, sikujua zinafika wapi. Zinafika huku. Zinakimbia.

Gari la jana lilikuwa zuri, wote walishuka njiani, mwisho nikabaki mimi tu na dereva, wingu likatanda, akaniwashia taa za ndani nione kitabu changu cha ramani. Mbele kumebaki vituo viwili.

Mama Kifungo


9 Agosti, asubuhi

Mwanangu,

Marahaba.

Niandike nini? Nimekaa na barua zako tatu mezani, na miwani yangu, na mtu mwingine ambaye nitakutajia baadaye. Nimehesabu. Barua ya kwanza: tumefika, tumepata, tumeoga, mpaka mwisho, "tu" tisa. Barua ya pili, "tu" nne, na moja kati ya hizo umeibandika pale baada ya kufuta neno. Kalamu yako inakandamiza, mwanangu. Niligeuza karatasi nikalisoma kwa nyuma. "Peke." Barua ya tatu "tu" ni moja, nayo ni hii: "nikabaki mimi tu." Neno ni lile lile, ila likikaa mbele ni la watu wengi na likikaa nyuma ni la mtu mmoja. Pindo anakuishia mkononi kama sabuni.

Na usinidhanie mchawi. Tarehe nne jioni nilimkuta Pindo sokoni anachagua nyanya, anacheka meno yote nje. Aliponiona akajificha nyuma ya kabichi. Yuko hapa sasa hivi, ananipindia sketi. Anasema jino la chini kushoto alishaling'oa akiwa darasa la sita.

Siku ile nilikasirika mpaka uji wa mtoto ukaungua. Nikasema nikuandikie urudi. Nikachukua kalamu. Halafu nikakumbuka kitu. Nimekata tiketi miaka ishirini na saba, na mpaka leo sijawahi kupanda gari likanipitisha kituo cha kwanza. Wanaosafiri wawili wawili huuliza gari linafika saa ngapi. Anayesafiri peke yake huuliza kama dirishani kuna nafasi. Nilikuwa nawatazama hao wa dirishani, hasa wanawake, wanavyopokea tiketi na kuitia kifuani kama barua. Nikawaza, hawa wanakwenda kuona nini? Na ule mji wa mwisho kwenye ubao, kila aliyerudi nilimuuliza kuna nini kule. "Hakuna kitu." Wote, hakuna kitu. Lakini walikuwa wakienda tena.

Basi nikaiweka kalamu chini.

Mumeo anafika leo jioni. Mimi nitasema "wamefika", "wanarudi". Herufi mbili, nani atahesabu? Wewe endelea.

Mama

Pindo anakusalimia. Safari hii ni kweli.


10 Agosti, kituo cha nne

Mama yangu,

Shikamoo. Nimesoma nimesimama, nikakaa, nikasoma tena. Nisamehe. Uongo wa jino ulinikaa mdomoni kweli kama jino bovu.

Ilikuwa hivi. Pindo alikuja stendi bila mzigo. Mkwewe ametokea ghafla na masanduku mawili. Gari linanguruma, mguu wangu mmoja uko kwenye ngazi ya gari na mwingine chini. Kondakta akasema, "Dada, unapanda au unashuka? Mguu mmoja hausafiri." Nilifikiria Kifungo, nikakufikiria wewe, nikamfikiria baba yake. Kisha nikasikia mtu anasema "napanda", kumbe ni mimi. Kiti kilichobaki kilikuwa cha dirishani.

Nilidhani nitalia mpaka nifike. Nililia mpaka kwenye daraja. Baada ya daraja kulikuwa na shamba la alizeti lote limegeukia upande mmoja, nikasahau kulia.

Lakini Mama, usiseme "wamefika". Nakushukuru na nimekuelewa, ila sitaki unibebee. Nikirudi na "wa" yako itabidi niilinde maisha yangu yote, nimhifadhi Pindo kwenye kila kituo, nikumbuke alilala wapi. Na nilichokiona nimekiona mimi. Sitaki kumgawia nusu mtu ambaye alikuwa ananunua nyanya.

Ndani kuna barua ya Baba Kifungo. Mpe mkononi, na usimwondokee akiwa anaisoma. Ukae.

Mama Kifungo


10 Agosti

Baba Kifungo,

Pole na safari na karibu nyumbani. Nakuandikia neno lenyewe bila kulizungusha: niko peke yangu. Pindo hakuja, na nimekuwa peke yangu tangu siku ya kwanza. Mama hakujua nilipoondoka.

Utauliza kwa nini sikukuambia. Kwa sababu ningekuuliza, ungenijibu, na jibu nalijua.

Niko salama. Nalala milango ikiwa imefungwa, nafika kila mji kabla jua halijazama, na wakata tiketi wa njia nzima wananijua kuliko ninavyojijua mimi. Sikuondoka kwa sababu nimewachoka. Nimechoka, ndiyo, lakini si ninyi mnaonichosha, ni kutowahi kuwa mahali ambapo hakuna anayehitaji kitu kutoka kwangu. Nilitaka kuona nikikaa hapo nitakuwa nani. Mpaka sasa nimekuwa mtu mcheshi kidogo.

Narudi tarehe kumi na tano, kama nilivyosema.

Mke wako


11 Agosti

Mama Kifungo,

Salamu. Barua nimesoma. Mama yako alikaa mbele yangu amekunja mikono muda wote kama askari wa mlango.

Sipendi. Najua barabara zile kuliko wewe, najua gari likiharibika mtu anakaa wapi na nani. Ukipata barua hii panda gari la kurudi kesho. Mji wa mwisho hauna kitu, kila mtu anajua. Mtoto anahitaji mama yake.

Baba Kifungo


12 Agosti, kituo cha nne, stendi

Baba Kifungo,

Barua nimeipata nikiwa na tiketi ya kwenda mbele mkononi. Naijibu hapa hapa kwenye benchi, gari linapakia.

Umesema hupendi. Nimesikia, na sitajifanya sikusikia. Lakini sirudi kesho. Narudi tarehe kumi na tano.

Umesema mtoto anahitaji mama yake. Ni kweli, na anahitaji baba yake, na leo anaye. Nywele zake zina njia nne, anzia katikati, na usivute. Akisema "basi" ujue bado moja. Anapenda kubebwa akiwa ametazama mbele.

Nakwambia na hili kwa upendo. Kazi yako ni kusawazisha barabara ili watu wapite. Mimi ni mmoja wa hao watu. Juzi gari lilipita kwenye kipande chenu kipya, pale penye nguzo nyeupe, na chai yangu haikumwagika hata tone. Nilimwambia jirani yangu wa kiti, mzee mmoja mkali, "Hapa amepita mume wangu." Akasema, "Mwambie amefanya kazi." Basi nimekwambia.

Honi hiyo.

Mke wako


13 Agosti, kituo cha mwisho

Mama yangu,

Shikamoo. Nimefika.

Uliwauliza kwa miaka ishirini na saba, nami nakujibu. Kuna hivi. Kuna tangi la maji ambalo gari linalizunguka ili kugeuka, na dereva anapiga honi mbili bila sababu, ila kuashiria kwamba amefika. Kuna baridi ya kukufanya ufunge kanga mpaka kidevuni. Kuna mkahawa wa meza tatu. Lami inaishia kwenye jiwe lililopakwa chokaa, na hapo inagawanyika kuwa njia za miguu, zote zinapanda. Nilifuata moja kwa muda wa saa nzima. Sikuona mtu. Nilijisikia napumua, nikajisikia nimenyamaza, na kile kinachosema kichwani mwangu siku zote, maziwa, vifungo, ada, chujio, kikanyamaza nacho. Nilikaa juu ya jiwe nikala chungwa zima bila kumegea mtu. Kweli Mama, hakuna kitu. Sasa najua kwa nini walikuwa wakienda tena.

Lakini sijamaliza. Dirisha la tiketi la huku analikaa mama mmoja mnene mwenye shali. Nilipojitambulisha akainama chini ya meza akatoa boksi la viatu. Ndani vishina vya tiketi, vya zamani, vya enzi za kuandika kwa mkono. Anasema kazi yake ilikuwa kuvikusanya na kuvichoma kila mwaka, lakini vingine alishindwa. Akanionyesha kimoja. "Huyu anayeivalisha saba mkanda tumboni ndiye mama yako?" Nikatazama. Saba yako, Mama! Ile yenye kimstari katikati uliyonifundisha chini ya meza yako nikiwa na miaka mitano. "Kila siku nilikuwa naipokea," akasema. "Nilikuwa najua akiwa ameumwa, mkanda unakwenda upande. Mara moja ulikosekana wiki nzima, nikauliza wasafiri. Wakasema amejifungua."

Alikuwa anauliza habari zako, Mama. Siku zile zile ulizokuwa unauliza habari za kwake.

Nilimwambia, huyo mtoto ndiye mimi. Akashika uso wangu kwa mikono miwili yenye wino.

Tiketi siku hizi zinatoka kwenye mashine, lakini nimemwomba, naye amechukua kitabu cha zamani akaandika moja kwa mkono. Iko ndani ya bahasha hii. Itazame vizuri. Kutoka kwetu mpaka huku. Tarehe ishirini na moja. Msafiri, mmoja. Kiti namba saba, dirishani. Mkanda ameuweka yeye, anasema ni wa kwako anaurudisha.

Mimi nitakuwa nyumbani, nitakaa na Kifungo. Huna kisingizio.

Binti yako,
Fundi


14 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Hii utaikuta kituo cha pili ukiwa unarudi, soma ndani ya gari.

Barua uliyomwandikia mumeo kwenye benchi ilifika jana. Aliisoma akainuka akaenda nje kutazama ukuta. Aliporudi akamsuka mtoto, njia tatu na nusu, moja imepinda kama barabara aliyochepusha mtu mwingine. Mtoto akasema "basi", naye akasema, "Bado moja."

Wakati wa kula akaniuliza, "Mama, hivi kule mwisho kuna nini hasa?" Nikasema sijui. Akasema, "Mimi nimelima barabara ile mpaka kilomita kumi za mwisho, nikageuza greda. Sijui na mimi." Akatafuna. Kisha akasema, "Basi nyumba hii atajua yeye." Akamgeukia Kifungo: "Mama yako anafika mbali, unajua?" Mtoto akampa kipande cha gazeti.

Leo wamenunua kikombe kipya cha plastiki, na amewaambia majirani wote wa mstari huu, kwa sauti ya kujifanya analalamika, kwamba mke wake amekwenda mpaka kituo cha mwisho. Peke yake. Neno hilo analitamka kama mtu anayeweka sahani ya kioo mezani.

Tiketi nimeiona. Siendi. Magoti yangu, na kabati, na nani atalipokea gunia la mkaa. Siendi kabisa.

Nimeiweka kifuani isipotee.

Mama


22 Agosti, kituo cha pili

Mwanangu,

Kondakta wa kofia ya sufi ndiye anayekuletea hii. Alinikuta stendi nimesimama, mguu mmoja juu mmoja chini, akaniambia lile neno alilokuambia wewe. Nikamwambia usinisomeshe, mimi ndiye niliyekupangia zamu ya kwanza.

Nimefika salama. Nimekaa dirishani. Nimeona alizeti zako, sasa zimeinamisha vichwa lakini zipo. Nimepanda ngazi ishirini na sita za ile nyumba ya wageni jana, nikapumzika mara mbili, hakuna aliyenihimiza. Leo nimeshika ufunguo. Nimejilaza mshazari, nikadhani nitajisikia mjinga. Sikujisikia mjinga. Nimekunywa chai, na ya pili.

Hesabu mwenyewe, najua utahesabu. Hakuna "tu" hata moja.

Mbusu mtoto shingoni. Mwambie Bibi amekata tiketi ya kweli. Mumeo asivute nywele.

Na usiwe na wasiwasi kuhusu mimi. Dada Pindo yuko hapa kando yangu, anakusalimia sana. Haandiki kwa sababu ya jino.

Mama Tiketi